Trance yako inasikika kama house iliyokimbizwa? Soma hapa

Ndugu, umeuliza kwa nini ngoma yako ya trance, ya mapigo 138 kwa dakika, wenzako wanaiita house iliyokimbizwa, ingawa hiyo ni mitindo miwili tofauti ya muziki wa dansi wa kielektroniki. Nimeisikiliza mara mbili. Kiki, lile dundo zito la kila pigo, inagonga sawa, besi inaangukia katikati ya kiki na kiki kama inavyotakiwa. Shida ni kwamba hutungojeshi.

Nilianzia hapa Kondele, Kisumu, na laptopu kuukuu na hedifoni inayolia sikio moja. Mwaka mzima niliamini trance ni ile sauti nene ya kinanda inayojaza chumba. Nikajifunza kuipika: mawimbi saba yenye umbo la meno ya msumeno yanalia noti ileile, kila moja likipotoka kidogo na mwenzake. Kampuni ya vinanda ya Roland waliiweka kwenye kinanda chao JP-8000 mwaka 1996. Lakini Wajerumani wa Frankfurt walikuwa wanacheza trance miaka kadhaa kabla ya hicho kinanda, kwa hiyo siri haiko hapo. Wala haiko kwenye mwendo, maana zipo trance za 130.

Iko kwenye kurudia, halafu kunyima. Kurudia tunakujua huku kwetu: mpiga nyatiti ana nyuzi nane tu, anazizungusha zilezile huku pete ya kidole gumba cha mguu ikigonga mbao, na ukija kushtuka usiku umeenda. Trance inafanya hivyo, ila ikishakuzoesha kiki inakunyang'anya. Melodi inabaki peke yake, inakua, inakua, ndipo kiki inarudi. House nyingi zinakubeba tu mwanzo hadi mwisho. Sasa piga hesabu: kwa 138, vipimo 32 vya mapigo manne manne ni karibu sekunde 56. Wewe umetunyima kiki kwa vipimo 8, sekunde 14. Hata koo sijasafisha!

Lakini usiende kunyima ovyo kama mimi. DJ mmoja rafiki yangu alikubali kucheza ngoma yangu kwenye klabu moja hapa mjini. Kiki ilipokatika, nusu ya watu waliinua macho kwenye taa wakidhani stima imepotea. Mmoja alishawasha tochi ya simu. Kosa langu: niliacha kinanda kinachovuta tu, bila kitu chochote cha kushika mwendo.

Siku hizi ile sauti ndefu naikatakata kwa kupandisha na kushusha ukubwa wake mara kumi na sita katika kila kipimo, mwili uendelee kuhesabu hata kiki ikiwa haipo. Melodi naianza filta, yaani kichujio cha sauti, ikiwa imezibwa, isikike kama redio ya jirani nyuma ya ukuta, kisha naifungua taratibu kwa vipimo 16. Vinane vya mwisho naongeza mvumo unaopanda na ngoma ndogo inayozidi kukaza. Halafu pigo moja la kimya. Moja tu, mbili zinaua. Kiki ikirudi, kinanda kinywee kidogo kila inapogonga, la sivyo vinagombana.

Na zile dakika nne ulizobana zifike saba. Mwanzoni acha kiki bila melodi angalau vipimo 16, DJ apate pa kuunganishia. Redio hawataicheza, sawa, hata zangu hawachezi.

Ukimaliza tupia toleo jipya hapa. Ile melodi yako usiiguse, ni nzuri kuliko zangu zote.