Kabla ya safari ndefu, kaa mtaani kwako

Mtu wa Dar akipata safari ya mwaka au miaka, wiki za mwisho utamkuta Coco Beach anapiga picha, au yuko kwenye boti ya Zanzibar. Sina ubaya na mihogo ya Coco, hasa ikiwekwa kachumbari na pilipili ya kutosha. Ila nimesoma Berlin, na bahari sikuikumbuka nusu ya nilivyolikumbuka duka la Mangi.

Kwa Mangi unapimiwa mafuta, unachukua sukari robo na yai moja, na hela ikipungua anaandika kwenye daftari. Gengeni nyanya ziko kwa mafungu, na mama akikuzoea anakutupia moja ya nyongeza. Berlin unaingia, unalipa, unatoka. Usipoonekana mwezi mzima hakuna atakayekuuliza, "Vipi, ulisafiri?" Halafu Jumapili karibu maduka yote yanafungwa, ndiyo sheria yao. Ukisahau chumvi Jumamosi, imekula kwako, labda ukabahatishe kwenye duka la stesheni.

Na jua! Hili hakuna aliyeniambia. Dar jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, mwaka mzima. Kule Desemba linazama kabla ya saa 10, na Juni linaning'inia mpaka baada ya saa 3 usiku. Kama umezoea kijiwe cha jioni, mwili unakosa pa kushika: kiza kimeingia na wewe hata kazini hujatoka.

Kwa hiyo jioni zako za mwisho zitumie kijiweni, pale penye kahawa na kashata na ubishi wa Simba na Yanga. Rekodi sauti kwenye simu: konda anayeita "Mbagala! Mbagala!", muuza kahawa akigonganisha vikombe, adhana ya alfajiri, mvua kwenye bati. Picha utakuwa nazo tele, sauti ndizo watu huzisahau.

Kwenye begi kubwa weka mbuzi ya kukunia nazi. Watu watakucheka, waache. Unga wa mahindi usijitese nao, maduka ya Waafrika yanauza. Samli na nyama ya kukausha viache nyumbani, maana nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa. Kashata beba, ingawa hazitafika wiki.

Panga na wazazi saa ya kupiga simu, kwa sababu Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja kiangazi na saa mbili baridi.

Na deni la Mangi lilipe kabla hujapanda ndege. Wadogo zako watatumwa pale kila siku, na ni jina lako watakalosomewa.