Tarantula amelala chali: toa mende, usimpulizie maji

SWALI: Jambo munganga. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Nafuga tarantula (buibui mkubwa), Pterinochilus wa huku Afrika, sentimeta 9 hivi miguu ikinyooka. Amekataa mende wiki tano. Juzi aliziba mdomo wa shimo kwa utando, na leo asubuhi namuona kupitia ubavu wa boksi amelala chali, hatikisiki. Niliambiwa tumbo litaonyesha upara mweusi kabla hajavua gamba, sikuuona. Amekufa? Nimpulizie maji? Usiku baridi ni kali, na mende mmoja angali ndani.

JIBU: Ndugu yangu, hizo si dalili za kifo. Tarantula anayekufa kwa kawaida hubaki wima, miguu imekunjwa chini yake kama ngumi. Viungo vyake vikubwa vya miguu havina misuli ya kunyooshea; damu ndiyo inayosukumwa mguuni ili unyooke. Presha ikiisha, mguu hujikunja. Huyo wako amelala chali juu ya utando alioutandika mwenyewe, na hicho ndicho kitanda cha kuvulia gamba.

Kinachonitia wasiwasi ni mende. Buibui aliyetoka tu kwenye gamba ni laini, hawezi kujitetea, na mende mwenye njaa humtafuna. Kama mende yuko juu, mtoe kwa kibanio kirefu. Kama amejichimbia, usifukue: weka kipande cha karoti kona ya mbali, ale hicho, umnase usiku.

Kuhusu upara, uliyeambiwa naye alikuwa anazungumzia tarantula wa Amerika. Hao wana vinyweleo vya kuwasha tumboni, huvirusha kwa miguu ya nyuma, pakabaki uwazi ambao huwa mweusi vinyweleo vipya vikiota chini ya ngozi kuukuu. Wa Afrika hawana vinyweleo hivyo. Kwa wako angalia alichokwisha kukuonyesha: kususa chakula, rangi iliyofifia kama imepakwa vumbi, tumbo lililovimba, mlango uliozibwa.

Sasa tazama, mikono mbali. Tumia tochi ya simu iliyofunikwa kwa kitambaa, usisogeze boksi, na spika ya muziki isikae meza moja nalo. Andika saa ya kila hatua. Damu husukumwa kutoka tumboni kwenda kifuani mpaka gamba la kifua lipasuke ukingoni, kuanzia mbele, liinuke kama kifuniko cha sufuria. Kisha ngozi ya tumbo hupasuka ubavuni. Baada ya hapo ni miguu: huvuta, hupumzika, huvuta tena, yote minane kwa pamoja na meno pia, kama mkono unaotoka kwenye glavu. Hata ngozi ya ndani ya tumbo la kufyonzea (pampu ya ndani inayovuta chakula) na ya mapafu hutoka. Mdogo humaliza chini ya saa moja. Wa ukubwa wa wako anaweza kuchukua saa kadhaa, na kulala tuli muda mrefu kabla ya mpasuko ni kawaida.

Usimpulizie maji. Maji ya kazi hii aliyanywa wiki zilizopita, na hapo ndipo wafugaji wengi wa huku hukosea: kiangazi hewa inakauka, kifuniko cha kunywea maji kimeachwa tupu, kisha siku yenyewe wanakuja na chupa ya kupulizia. Jaza kifuniko, na kwa sirinji mwaga mililita 10 kwenye udongo wa kona moja, mbali naye.

Baridi humchelewesha tu. Inua boksi kutoka kwenye sakafu ya simenti, lifunike blanketi pande tatu bila kuziba matundu, weka kando chupa ya maji ya uvuguvugu. Mbabula, jiko la makala (makaa), isiingie chumbani: gesi yake itakuua wewe kwanza.

Mguu ukinasa baada ya mwili wote kutoka, gusisha tone la maji ya uvuguvugu kwa brashi laini kwenye kiungo kilichonasa, mbali na mdomo na mapafu yaliyo chini ya tumbo. Usivute. Anaweza kuukata mwenyewe, na utaota tena, mwembamba, gamba lijalo. Ikinasa ngozi ya tumbo la kufyonzea hakuna dawa: ataonekana mzima lakini hawezi kumeza.

Meno yatakuwa meupe, kisha mekundu, kisha meusi. Usimlishe kabla hayajawa meusi kabisa. Kwa ukubwa wake ngoja kama siku 10.

Gamba litoe akishaliacha, kwa kibanio hichohicho kirefu, maana jamii hii ina mbio na sumu yake huleta maumivu makali na mikazo ya misuli. Loweka kwenye maji yenye tone la sabuni, tandaza ngozi ya tumbo kwa sindano mbili, upande wa ndani juu. Utaona mabaka manne meupe ya mapafu. Kati ya mawili ya mbele tafuta kwa lenzi vifuko vidogo vilivyosimama: vikiwepo ni jike, pakiwa patupu, huenda ni dume. Gamba likikauka kabla hujaliangalia, lirudishe majini, litalainika.