Nimeokoka Miaka Mingi, Mbona Hasira Haijaniacha?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Niliokoka mwaka 2019 hapa Kisumu, ninauza samaki sokoni. Hasira zangu ni zile zile: nikichokozwa natukana, na watoto wangu wananiogopa. Nimeombewa kufunguliwa mara tatu. Kila mara naanguka chini, nashuhudia, na wiki mbili haziishi kabla sijarudi palepale. Sasa nabii mmoja ameniambia kifungo kimetoka kwa shangazi yangu kule Siaya, na kwamba nipande mbegu ya shilingi 15,000 ili laana ya ukoo ivunjwe. Shangazi nimeacha kumtembelea. Je, niliokoka kweli? Nibatizwe upya? Na huo uhuru wa Kristo mnaouhubiri uko wapi? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada yangu, usibatizwe upya, na hizo elfu kumi na tano usizipeleke. Kama ulimwamini Kristo mwaka 2019, na mpaka leo dhambi yako inakuuma kiasi cha kuniandikia, sina sababu ya kutilia shaka wokovu wako. Maiti haisikii kidonda.

Nataka nikae zaidi kwenye lile lililokufikisha hapo, maana maswali kama lako nayapokea kila mara. Hapa Nakuru watu huja ofisini kwangu wakiwa wamezunguka mikutano ya maombi kutoka Free Area hadi Njoro, wameishiwa pesa, na wengine wameishiwa imani kabisa. Karibu wote wamebeba fundisho moja: kwamba uhuru ni tukio la jioni moja. Ukiombewa na mtu mwenye upako wa kutosha, kesho utaamka mtu mwingine. Usipoamka hivyo, kuna kitu hakijafunguliwa, na kukifungua kuna gharama. Nimehubiri miaka mingi, na sijui fundisho lililowachosha Wakristo wanyofu kuliko hilo.

Fungua Wagalatia 5:1 katika Biblia ya Union, ile ambayo wengi wetu tumelelewa nayo: “Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa.” Sisi wa bara tunausoma mstari huu mbiombio. Mzee wa pwani angesimama kwenye kila neno. Kongwa ni ule mti wenye panda waliofungwa shingoni mateka walipokuwa wakiswagwa kwenda pwani. Kumwandika mtu huru ni kumtoa utumwani, mbele ya watu, jambo likathibitika. Na mwungwana si yule tu asiye mtumwa. Ni mtu mwenye adabu, anayejua kujizuia na kuishi na wenzake. Ndiyo maana wahenga wakasema uungwana ni vitendo.

Hati ya uhuru huandikwa siku moja. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, miaka kumi baada ya Unguja. Fikiria mtu aliyezaliwa utumwani akakulia humo. Asubuhi ya kwanza ya uhuru wake angeshtuka vilevile akiitwa kwa ukali. Hajawahi kujiamulia alime wapi, alale saa ngapi, amjibu vipi aliyemtukana. Hayo yote ni ya kujifunza, na anayejifunza hukosea. Je, akikosea, hati yake inafutika? Au aende akaandikiwe nyingine kila Ijumaa kwa malipo?

Hapo ndipo ulipo, dada. Umeandikwa huru, na unajifunza uungwana.

Sasa hasira yenyewe. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 19 hadi 21, Paulo anayataja matendo ya mwili, na humo utakuta uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina. Hasira imewekwa hapo. Sikatai kwamba pepo wapo. Injili zinawataja waziwazi, na sitamcheka mtu anayesumbuliwa nao. Lakini Paulo hakuwaambia Wagalatia waisake roho ya hasira waikemee. Aliwaambia, “Enendeni kwa Roho,” na kwenda ni hatua, mguu huu kisha ule. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hasira ikishaitwa pepo, mtoto aliyetukanwa hasikii kamwe neno “nisamehe”. Mama ameanguka kanisani, ameshuhudia, amerudi nyumbani na furaha yake, na mtoto bado ameketi pembeni na jeraha lake. Wewe umeombewa mara tatu. Watoto wako wameombwa msamaha mara ngapi?

Halafu hilo la kushuhudia. Katika Marko 8 kuna kipofu wa Bethsaida. Yesu alimwekea mikono, akamuuliza kama anaona kitu, naye akajibu kwamba anaona watu kama miti, inakwenda. Ni Yesu mwenyewe aliyemgusa, na bado aliona kwa ukungu! Yesu hakumwambia imani yake ni haba. Alimwekea mikono tena, ndipo akaona vyote sawasawa. Mtu yule aliifikia hatua ya pili kwa sababu alisema kweli juu ya ile ya kwanza. Kwenye mikutano yetu mtu huwekewa kipaza sauti mdomoni kabla vumbi halijamtoka magotini, na nani atathubutu kusema “naona nusu”? Anasema amefunguliwa kabisa, umati unashangilia, na tangu siku hiyo hana pa kuipeleka ile nusu iliyobaki. Wiki ya pili akianguka, ananyamaza kwa aibu au anatafuta nabii mwingine asiyemjua. Naamini ndivyo ilivyokupata.

Kuna mahali Mungu mwenyewe anaeleza kwa nini haendi haraka. Katika Kutoka 23:29-30 anawaambia Israeli kwamba hatawafukuza adui zao katika mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwitu wakazidi. Atawafukuza kidogo kidogo, mpaka wao waongezeke na kuirithi nchi. Wakulima wa ngano huku Njoro wanalielewa hili upesi kuliko wanafunzi wangu wa theolojia: shamba ukilisafisha lote kisha huna cha kupanda, umeyaandalia magugu kitanda. Hasira ikitoka, ni nini kitakaa mahali pake? Upole haumwagwi kichwani kama mafuta. Unakua.

Tena mtazame Petro. Miaka mingi baada ya Pentekoste, kule Antiokia, alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa. Walipofika Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga na wale wa Mataifa kwa kuwaogopa, hadi Paulo akamkemea mbele ya wote. Ni woga ule ule uliomshika uani kwa kuhani mkuu usiku Bwana alipokamatwa. Lakini hakuna aliyemwambia Petro kwamba hajaokoka.

Mimi niliokoka nikiwa kidato cha tatu, na kinyongo juu ya baba yangu niliishi nacho miaka kumi na miwili baada ya hapo. Katika miaka hiyo mhubiri mmoja alinifungisha siku 21 ili mnyororo ukatike. Nilitoka nimekonda, kinyongo kikiwa kile kile, na juu yake hofu mpya kwamba Mungu amenikataa. Kilichokilegeza ni mzee mmoja wa kanisa ambaye kila mwezi aliniuliza swali moja, bila kunihukumu: “Umempigia baba simu?” Miezi mingi jibu langu lilikuwa hapana. Halafu siku moja nikampigia, tukazungumza habari za ng’ombe dakika tatu. Mwaka uliofuata tukazungumza mengine. Sikuanguka chini hata siku moja, na leo baba yangu ni rafiki yangu.

Kuna wanaokimbia haya yote wakaingia kwenye sheria: usisuke nywele, usivae hiki, usitazame kile. Hilo ni kongwa lile lile limepakwa rangi. Na kuna wanaosema tuko huru, tufanye tupendavyo. Hao wasome Wagalatia 5:13: uhuru wetu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tutumikiane kwa upendo.

Narudi kwa nabii wako. Sitatafuta maneno laini. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apate nguvu ya Roho, Petro alimjibu fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Leo fedha ya namna hiyo inapewa namba ya M-Pesa na kutangazwa madhabahuni. Na hiyo laana ya ukoo? Katika Ezekieli 18 watu walikuwa na methali yao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu aliapa kwamba hawataitumia tena. Kwa aliye ndani ya Kristo, Wagalatia 3:13 inamtaja aliyeibeba laana. Hakuna salio la shilingi 15,000 lililobaki kulipwa.

Lakini pesa ni hasara ndogo kuliko ile ya pili. Huyu mtu amekuonyesha shangazi yako. Amekuambia mzee wa ukoo wenu ndiye chanzo cha matusi yanayotoka kinywani mwako mwenyewe. Watu wa upande wetu huu wanajua maneno kama hayo huishia wapi. Oktoba 2021, kule Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa kudaiwa kuwa wachawi. Maneno ya namna hiyo hayaanzi na umati. Huanza na mtu mmoja anayemnong’oneza mwenzake kwamba shida zako zimetoka kwa fulani. Mtu anayetaja jina la jamaa yako huku akikutajia bei, mwondokee, hata kama alikutabiria jambo likatimia, hata kama anaomba mpaka asubuhi. Na ukiwajua wengine wanaomwendea, waambie. Nawasihi wachungaji wenzangu mnaosoma hapa: tusinyamaze kwa sababu mikutano yao inajaa na yetu haijai.

Wazee wetu wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda ukaingia Kenya miaka ya 1930, walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Walikutana kila wiki, mtu akaitaja dhambi yake kwa jina lake mbele ya ndugu, na aliyeiba akarudisha. Hawakuwa wakamilifu, na baadhi yao waligeuza mambo ya mavazi kuwa amri. Lakini kukiri kulikuwa bure, na aliyekiri alikiri ya kwake, si ya shangazi yake. Tafuta mama mmoja kanisani kwenu aliyekomaa, asiye na mdomo, umwombe akuulize kila Jumapili umewaambiaje watoto wiki hii. Mjibu kweli. Wiki nyingine jibu litakuwa baya. Mjibu hivyo hivyo.

Leo usiku, kabla watoto hawajalala, waite mmoja mmoja. Usimwambie mtoto kwamba ulikuwa na pepo, wala kwamba alikuchokoza. Taja ulichosema, umwombe msamaha, na umwache akae kimya akitaka.

Na Jumamosi, ukishamaliza sokoni, chukua samaki wawili wazuri upande matatu ya Siaya. Shangazi atashangaa kukuona baada ya muda huu wote. Usimsimulie ya nabii, ataumia bure. Msalimie, mpe samaki, uketi naye jikoni mpaka wameiva.