Waliohojiwa Pemba ni wangapi? Uliza hilo kwanza

Sheikh, umeuliza kama utafiti wa maoni unaaminika na kama unawageuza wapigakura, halafu mwisho ukaandika kuwa umeshamwambia mama na dada zako wa Chake Chake wasijisumbue na foleni, eti picha ya WhatsApp ya utafiti mmoja inaonesha mgombea mmoja wa urais wa Muungano ameshamwacha mwenzake mbali. Wapigie simu sasa hivi, uifute kauli hiyo. Mimi niliwaambia wangu maneno hayo hayo 2010. Matokeo ya urais wa Zanzibar yalipotoka, Shein alikuwa na kura 179,809 na Maalim Seif 176,338. Tofauti 3,471, Unguja na Pemba kwa pamoja.

Asilimia ziache. Tafuta kwanza waliohojiwa Zanzibar ni wangapi, kisha Pemba wangapi. Picha yako inasema "watu 1,000 Tanzania nzima". Kwa sensa ya 2022 Tanzania ina watu 61,741,120, Zanzibar 1,889,773, Pemba 543,441. Gawa hao 1,000 kwa uwiano huo: Zanzibar inapata watu 31, Pemba inapata 9. Tisa, kuanzia Micheweni na Wete mpaka Chake na Mkoani! Mmoja wao akibadili jibu, Pemba nzima inaruka asilimia 11.

Chukua kikokotoo cha simu. Tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa, kisha gawa 100 kwa jibu hilo. Jibu ni kosa, yaani kiasi ambacho asilimia ya utafiti inaweza kupotoka: watu 1,000 wanakupa takriban asilimia 3 juu au chini, watu 400 asilimia 5, watu 31 asilimia 18. Na hilo ni kwa kila mgombea peke yake; pengo baina ya wawili kosa lake hukaribia mara mbili. Sasa kumbuka urais wa Zanzibar 1995: Salmin Amour 165,271, Maalim Seif 163,706. Pengo halikufika hata nusu asilimia. Kosa lishuke mpaka nusu asilimia, unahitaji watu 40,000, tena wa Zanzibar tupu.

Hapo bado hujagusa walionyamaza. Mtu usiyemjua anakupigia, anakuuliza utamchagua nani; wangapi Pemba watajibu kweli? Angalia mstari wa "hawajaamua" na "wamekataa kujibu". Ukiwa mkubwa kuliko pengo la wagombea, picha hiyo haina inachokwambia.

Wanaonikera hasa ni hawa wanaokata maandishi madogo ya chini kisha wanasambaza. Utafiti wa shirika la Twaweza wa Septemba 2015, kuhusu urais wa Muungano, ulikuwa wa Tanzania Bara, na wenyewe walisema wazi. Ulimpa Magufuli asilimia 65 na Lowassa 25. Kura zikatoka 58.46 na 39.97. Hata huko kwao pengo lilipungua zaidi ya nusu, huku kwetu watu wakaubeba kama habari ya Zanzibar! Ni dhuluma kwa mpigakura.

Na mama yako hapewi karatasi moja kituoni. Anapewa tano: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani, Rais wa Muungano na Mbunge. Picha yako imeuliza moja tu. Akibaki nyumbani, anazipoteza zote tano, na udiwani wa wadi yake unaweza kuamuliwa kwa kura chache kuliko watu wa foleni moja. Mpigie kabla hajamwambia na jirani.