Barua kwa mwanangu mwalimu: kwa nini wanaitikia "yesi sa" halafu wanafeli

Baba yangu,

Marahaba, sisi huku wazima, mdogo wako yupo likizo na mahindi ya shamba la bondeni yameshaanza kubeba. Voisi yako ya wasapu nimeisikiliza yote. Unasema unaingia kidato cha kwanza na Biolojia yako, unaeleza mpaka jasho linakutoka, unauliza mmeelewa, darasa zima yesiii sa, unawaambia mwenye swali aulize, kimya, halafu ukitoa tesiti wanakuletea sifuri, mbili na tatu. Ukaniuliza, mama hawa watoto wananidanganya au mimi kufundisha sijui?

Hawakudanganyi baba, na kufundisha unajua, ila bado hamjaanza kuongea wewe na wao. Unaongea wewe peke yako kipindi kizima, wao wanakuitikia, na kuitikia wamezoea tangu wadogo. Si unakumbuka darasa la kwanza, mwalimu anasema moja kujumlisha moja ni mbiii, watoto wanamalizia liii, tumeelewana? ndiyooo, nirudie? hapanaaa. Hata yule anayechungulia dirishani anaitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nimefundisha shule za msingi mpaka nimestaafu na nakwambia ile "ndiyo" yao haina habari yoyote ndani yake, inakwambia tu watoto wapo na wana adabu. Kwa hiyo hilo swali la mmeelewa liache, liache kabisa.

Alafu jiweke kwenye nafasi ya mtoto mmoja hapo. Darasa lako ulisema limepita 80, na ni hivyo shule nyingi za kata tangu ada ilipofutwa 2016, jambo jema sana lile maana watoto wa maskini wameingia, lakini madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi ile. Sasa mtoto anyooshe mkono aseme sa, sijaelewa. Asimame, wenzake wote wageuke wamwangalie, wa nyuma wacheke, na walimu wengi watamjibu ulikuwa wapi wakati nafundisha? Akishaona hivyo mara moja kwa mwenzake, wala sio kwake mwenyewe, hatauliza tena mpaka anamaliza kidato cha nne. Anayekaa kimya hapo sio mjinga, ameshapiga hesabu zake.

Na kuna hili la lugha, hapa nitaongea kidogo maana linaniuma. Mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Nilikuwa nafundisha sayansi darasa la sita, mtoto anakuja ubaoni anachora jani, anaweka mshale wa mwanga, maji yanapanda kutoka kwenye mizizi, hewa ya kabonidayoksaidi inaingia, anaandika usanisinuru vizuri kabisa na anakueleza kwa nini mmea ukikaa gizani unadhoofika. Mtoto huyo huyo Januari anaingia sekondari, anasikia fotosinthesisi, ambayo ndiyo usanisinuru ule ule, klorofili, stomata yaani vile vitundu vya hewa kwenye jani, kwa sentensi ndefu za Kiingereza, na anadhani ni somo jipya ambalo hajawahi kulisikia maishani. Kumbe anajua nusu yake! Na huko kwenu Rukwa wengine nyumbani wanaongea Kifipa, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, sasa hiki Kiingereza ni ya tatu. Tume ya Makweta, ile ya Rais ya kuangalia elimu yetu Tanzania, ilisema mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali haikukubali, na mimi mpaka leo naona tulipoteza nafasi kubwa sana pale. Lakini mtihani wa Biolojia kidato cha nne watoto wako wataufanya kwa Kiingereza na wewe huwezi kuubadilisha, kwa hiyo nakushauri la kufanya kesho asubuhi. Anza na wanachokijua kwa lugha wanayoijua, waache waongee, wabishane, wakishalishika jambo ndo uwape maneno ya Kiingereza wayaandike na wayatumie kwenye sentensi zao. Muda hautapotea, utaupata kwenye kusahihisha. Na kama hapo shuleni wanamvalisha mtoto kibao shingoni kwa sababu kaongea Kiswahili, wewe usishiriki, nakuomba kama mama yako. Lugha haijifunzwi kwa aibu.

Sasa maswali. Ulinitumia picha ya andalio lako la somo, limepangwa vizuri, nimeona umeandika maswali kumi ya kipindi, yote ni nini maana ya, taja, orodhesha. Hayo anajibu aliyekariri tu, na ni walewale watatu wa mstari wa mbele. Jaribu hivi kwenye topiki ya kuota kwa mbegu. Chukua kikombe cha maharage, waambie, mbegu hizi nikiziweka gizani kabatini kwenye pamba yenye maji, zitaota au hazitaota? Usiulize nani anajua. Waambie kila mtu aandike kwenye daftari zitaota au hazitaota, na sababu moja, kwa lugha yoyote. Alafu amgeukie jirani yake wasomeane. Utasikia darasa limechangamka mwenyewe utashangaa, maana wengi wataandika hazitaota, mmea si unahitaji mwanga bwana, mpaka atokee mmoja aseme mbona kwetu gunia la maharage liliingia maji stoo na yakaota humo humo ndani gizani? Huyo ndo mwalimu wako msaidizi siku hiyo. Mbegu inahitaji maji, hewa na joto la kutosha, chakula cha kuanzia inacho chenyewe ndani, mwanga itauhitaji baadae ikishatoa majani. Weka nyingine dirishani nyingine kabatini, wazione wenyewe baada ya siku kadhaa, za kabatini zitakuwa ndefu, nyembamba, za njano. Ukifika kwenye fotosinthesisi hutahangaika tena, unawauliza tu kwa nini zile zilikuwa za njano.

Na ukiuliza, subiri. Hili naona walimu wengi hatulijui. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi madarasa ya sayansi akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja tu, kisha anajibu mwenyewe au anamrukia mwingine. Walimu walipofundishwa kusubiri kama sekunde tatu na zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, waliokuwa kimya wakaanza kusema, na watoto wakaanza kuuliza wenyewe. Sekunde tatu! Na wale walikuwa wanafundishwa kwa lugha yao, wako anatafsiri kwanza kichwani swali, anatafuta jibu, analitafsiri tena kulirudisha, kwa hiyo mpe hata kumi. Utaona aibu kusimama hivyo kimya mbele ya watu 80, utatamani kusema chochote, vumilia, hesabu kimoyomoyo.

Akikosea je? Hapo ndo kila kitu kinaamuliwa baba. Usiseme hapana kaa chini. Mwambie nieleze ulifikiriaje, sikiliza mpaka amalize, maana makosa yake yanakuonyesha alipokwama, na usipoyasikia utarudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi basi. Na fimbo usiingie nayo darasani. Najua hapo wapo wanaochapa kwa kila swali lililokosewa, wewe ni mgeni na huwezi kugombana na ofisi nzima ya walimu, ila kanuni za serikali za viboko shuleni za 2002 zinajulikana, viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, anayetoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na inaandikwa kitabuni. Kutojua kazi ya stomata sio utovu wa nidhamu popote pale. Mtoto akiona fimbo mezani hasikilizi swali, anahesabu madawati, wa kwanza, wa pili, wa tatu, nitafikiwa saa ngapi, na anaomba kengele igonge. Hapo hata ungekuwa profesa huwezi kumfundisha kitu.

Mambo madogo madogo pia yapo. Usiongee na ubao, andika kwanza ukimaliza geuka ndo uongee. Mvua ikipiga bati usipige kelele kushindana nayo, mstari wa tatu hawakusikii, wape mchoro wanakili na wewe pita kwenye madawati uangalie wanachoandika. Ukipita hivyo utamkuta anayenakili kutoka kwa jirani kila mstari, muulize taratibu kama ubao anauona, usimuulize mbele ya watu, wapo watoto wanamaliza shule na macho mabovu bila mtu kujua wanaitwa wazembe. Na majina. Chora ramani ya madawati kwenye karatasi uandike nani anakaa wapi, uibandike ndani ya daftari lako. Mtoto ukimwita jina lake anakaa sawa, ukimwita wewe wa kule nyuma hajui hata kama ni yeye na hana hamu ya kujua.

Madaftari je? Najua kusahihisha 80 ni adhabu, kwa hiyo chukua safu moja kwa siku. Ila ukisahihisha usiandike ongeza bidii. Aongeze wapi? Andika kitu kimoja, umesahau hewa, au mshale huu geuza, mtoto anajua la kufanya akifika nyumbani na hata mzazi asiyejua Biolojia anaweza kumuuliza umegeuza mshale? Hicho nacho ni kipindi umefundisha.

Najua utaniambia mama silabasi ni ndefu na ofisi ya taaluma inauliza umefika topiki ya ngapi. Kweli wanauliza, na azimio la kazi, ule mpango wa topiki za mwaka, lazima ulifuate, siwezi kukudanganya kwamba utamaliza yote na kubishana juu ya maharage kila siku. Chagua. Kuna topiki ukieleza dakika kumi na kuwapa notisi inatosha, kuna topiki ndo nguzo, mbegu, seli, usafirishaji wa chakula na maji kwenye mmea, hizo usizikimbize. Mwalimu aliyemaliza silabasi akiwa peke yake darasani hajamaliza silabasi, hata kama kitabu cha kumbukumbu za masomo kimejaa sahihi.

Jumatatu anza na kidato cha kwanza B, ulisema ndo wagumu zaidi. Dakika tano za mwisho wape vikaratasi, hata vya kuchana kwenye daftari lililoisha, waambie waandike kitu kimoja ambacho hawajaelewa leo, bila jina, Kiswahili ruksa. Wiki ya kwanza wengi watakuandikia nimeelewa vyote maana hawakuamini bado, usikasirike, endelea tu, na somo linalofuata anza kwa kujibu vile vichache vilivyouliza kweli, usimtafute nani kaandika. Wakishaona maswali yao yanajibiwa na hakuna aliyechekwa, vikaratasi vitakuja vimejaa.

Vipige picha unitumie tuvisome wote, mimi jioni nipo tu, na hivyo vya mwandiko mbaya usiviruke. Nauli ya Pasaka ikikupungukia niambie mapema, sio siku ya safari.

Mama yako