Igizo linachekesha, lakini zahanati haendi mtu

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana saba hapa Mlingotini, Bagamoyo. Tuna igizo kuhusu dawa kinga ya VVU (PrEP). Tumelicheza mara mbili uwanjani, watu wamejaa na kuvunjika mbavu, hasa pale mlevi anaponyakua kopo la vidonge la mke wa rafiki yake na kulitingisha. Lakini zahanati wanatuambia hakuna aliyekwenda kuulizia dawa hiyo. Tunakosea wapi?

JIBU: Kosa limo ndani ya hilo kopo. Mlevi akilitingisha, uwanja unamcheka mwenye dawa. Mtazamaji aliyekuwa akifikiria kuanza kutumia ameshaona yatakayompata siku kopo lake likionekana, basi anakaa kimya. Anayemeza dawa kinga huandamwa na maneno ya aina mbili: vidonge vinafanana na ARV, dawa za wenye VVU, kwa hiyo ataambiwa "kaukwaa", na akijieleza kuwa ni kinga, ataulizwa anajikinga na nani. Igizo lenu liguse yote mawili. Mlevi abaki, maana anavuta watu, ila kicheko kimrudie yeye: atangaze kilabuni, aulizwe dawa yenyewe ni ya nini, ababaike.

Kabla ya hapo hakikisheni maelezo yenu. Dawa kinga ni ya mtu asiye na VVU, hivyo hupimwa kwanza na hurudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Kidonge ni kimoja kila siku, na hakizuii mimba wala kisonono, kwa hiyo kondomu ina kazi yake. Msiichanganye na ile ya dharura, inayoanzwa ndani ya saa 72 baada ya tukio la hatari ya kuambukizwa na kumezwa siku 28. Mwiteni mhudumu wa zahanati aangalie zoezi zima, pamoja na mtu kutoka kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU. Huyu wa pili ndiye atakayesikia maneno yanayochoma ambayo ninyi mmeyazoea.

Sasa umbo. Tunadhani igizo lenu linaisha kwa daktari kuja kutoa nasaha. Ndivyo mengi yalivyo, na hapo ndipo watu huanza kukung'uta kanga waondoke. Tumieni jukwaa la baraza, mtindo wa maigizo wa Mbrazili Augusto Boal. Chezeni dakika 20, mkate pale palipobana: mume ameshika kopo, mama mkwe yuko mlangoni, mke hajajibu. Mwezeshaji aulize, "Afanye nini?" Rudieni onyesho hilo, na mtazamaji yeyote aseme "Simama!", aingie achukue nafasi ya mke. Asichukue ya mume. Mume akigeuka mpole ghafla, hakuna aliyejifunza kujibu maneno. Mwigizaji wa mume naye abane kweli, asilegee haraka.

Mwezeshaji asihubiri, na asimwulize mtu, "Kwenu ikoje?" Swali hilo humvua nguo hadharani. Aseme, "Hapa kijijini hilo lingewezekana?" Wanawake wakiogopa kuingia mbele ya wakwe, wazungumze walipokaa, au chezeni tena kwa wanawake peke yao. Jina, kazi na nyumba ya mhusika visifanane na mtu yeyote mnayemjua, kwani kijiji kitamtafuta tu.

Wakati pia una maana. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wa taa wako nyumbani, na kwa kuwa ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana, maji hutoka asubuhi. Akina mama wanaolima mwani, ambao hufanya kazi maji yakitoka, huwa wamerudi kabla ya alasiri. Ngoma ya mdundiko ianze kuzunguka baada ya swala ya alasiri, igizo saa kumi na nusu, mmalize kabla ya magharibi.

Hema la kupimia msiliweke kando ya uwanja. Atakayeingia ataonwa na watu wote waliokuja kwenye igizo. Afadhali mhudumu aseme zahanati iko wazi siku na saa fulani, wiki nzima ijayo, pamoja na huduma nyingine, ili anayekwenda asijulikane amefuata nini. Kisha hesabuni waliouliza kwa mwezi mmoja, bila majina, mlinganishe na mwezi uliotangulia. Wingi wa watu uwanjani hautawaambia kitu. Mdundiko peke yake ungewajaza.