Kufuma Mizula ya Baridi Huku Unatoka Jasho Mtwara

Wanaonikuta barazani hapa Shangani, Mtwara, na sindano mbili na donge la uzi wa sufu mapajani huniuliza kama nina homa. Swali la haki. Mji huu hata kusi ikivuma Julai, mtu hujitanda kanga mabegani na yakaisha. Ila wateja wangu hawavai nilichofuma wakiwa hapa. Wapo wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako asubuhi za Juni na Julai vijana wa bodaboda hupita ukunguni wamejikunyata. Na wapo wazazi wa hapa mjini ambao mtoto wao kapangiwa kidato cha tano Njombe au Makete. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule Kitulo, Makete, kuna asubuhi ambazo umande huganda kwenye majani. Mtoto wa Mtwara anapelekwa huko na shuka mbili na sweta la dukani lepesi kama chandarua.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu wa pwani unayetaka kuanza kazi hii, sikiliza jambo moja: usifume kwa kupima joto la mwili wako. Ukiweka kitu kizuri cha sufu kichwani hapa, saa nane mchana, kitakuudhi. Utajikuta unalegeza mkono, unaongeza matundu ya urembo, unafupisha sehemu ya kufunika masikio. Kofia hiyo ikifika Makambako usiku, mwenyewe atakulaani.

Kinachompa mtu joto ni hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa, uzi wenyewe hauna moto. Upepo ukipata njia, hewa ile inaondoka na joto lake. Ndiyo maana mfumo wa matundumatundu, tunaoupenda sana kwenye vitambaa vya makochi, haufai hapa. Usibane mpaka kikakauka kama ubao pia, maana hapo hewa haina pa kukaa. Kipimo changu ni pumzi: kibandike kitambaa mdomoni, weka kiganja upande wa pili, puliza. Pumzi ikifika kiganjani yote, chukua sindano nyembamba zaidi kwa namba moja au mbili.

Uzi sasa. Pamba iache, hata kama ni laini na inapatikana. Ikilowa inabaki imelowa, na nguo iliyolowa kwenye baridi ni afadhali uivue. Akriliki ni rahisi kwa bei, inafuliwa bila wasiwasi, na kwa kofia ya kila siku inatosha. Shida yake inayeyuka ikikaribia moto, kwa hiyo simfumii nayo mtu anayekaa karibu na jiko la kuni. Sufu ndiyo mama yao. Inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake na bado usihisi kuwa imelowa.

Sufu mpya ni ghali na mara nyingi inabidi kuagiza Kariakoo. Lakini sisi wa huku tuna bahati ambayo watu wa Njombe hawana: mitumba. Belo likifunguliwa sokoni, sweta zito la sufu halina wa kuligombea. Nani alivae Mtwara? Kule nyanda za juu lingenyakuliwa kabla halijatua chini. Mimi hulinunua nikalifumua.

Kabla hujalipa, ligeuze ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Kama vipande vilifumwa kimoja kimoja kisha vikaunganishwa kwa uzi, utaona ukingo nadhifu wenye vitanzi kamili, hilo chukua. Kama ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi nyembamba za cherehani, liache, maana uzi utakatika kila mwisho wa safu na utabaki na vipande vya kufunga fundo hadi uchoke. Angalia pia kama halijaganda. Sweta la sufu lililofuliwa maji ya moto hujishika likawa kama kipande cha zulia, halifumuki. Ukiwa na shaka kama ni sufu kweli, omba uzi mmoja uuchome: sufu hunuka nywele zilizoungua na hubaki majivu yanayosagika kwa vidole, akriliki hujikunja ikawa kidonge kigumu.

Nyumbani anza kufumua kuanzia juu, shingoni, ukizungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Funga zile nyuzi sehemu nne kwa kamba legevu ndipo uzitoe kitini, loweka kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza bila kusugua, kisha tundika kivulini na chupa ya maji ikining'inia chini. Mawimbi ya uzi hunyooka. Sweta moja la mwanaume hutoa mzula, kishingo na jozi ya glavu, na pengine kikabaki cha soksi.

Mzula wa mtu mzima, kwa wanaoniuliza vipimo. Fuma kwanza kipande cha majaribio uhesabu vitanzi katika sentimita 10. Tuseme ni 20. Kichwa kikiwa sentimita 56, kofia iwe kama 50 ili ishike, yaani vitanzi 100. Fuma ukingo unaovutika, viwili mbele viwili nyuma, hadi sentimita 12. Huo utakunjwa mara mbili uwe tabaka zito juu ya masikio. Watu wa pwani hupenda kuukata huu ukingo kuokoa uzi. Usithubutu, masikio ndiyo yanayolia kwanza. Endelea kwa mfumo wa kawaida, bila urembo, hadi sentimita 22 tangu mwanzo, kisha gawa vitanzi mafungu kumi na uunganishe viwili kimoja mwishoni mwa kila fungu, safu moja ndiyo moja hapana, mpaka vibaki kumi. Pitisha uzi, vuta, kaza, shona ubavu.

Skafu ndefu siwafumii wanafunzi. Inaburuzwa, inaazimwa, inapotea. Kishingo kilichofungwa mduara, sentimita 60 kwa 25, kinakula uzi mchache na hakuna upande wa kufunguka. Glavu za mwanafunzi nazo ziwe wazi vidoleni, maana ataandika nazo darasani: kipande cha vitanzi 36, urefu sentimita 18, unakishona ubavu ukiacha mwanya wa sentimita 5 wa dole gumba. Hata anayeanza leo anaziweza.

Jasho la mikono ndilo adui wetu wa kweli huku. Sindano za chuma hukwama kwenye uzi mkono ukilowa, na hewa ya bahari inazitia kutu ambayo itachafua uzi mweupe. Natumia za mianzi, nilizochongewa na fundi na kusuguliwa kwa msasa laini. Za spoki za baiskeli ni nyembamba mno kwa kofia. Fuma alfajiri au baada ya isha. Kazi isiyokwisha ifunge kwenye mfuko usioingiza hewa, maana nondo wa nguo hula sufu, na mabuu yake hayaulizi kama uliichanga kwa pesa ya korosho.

Kuhusu wanafunzi, usiguse rangi mpaka mzazi akuoneshe fomu ya kujiunga ya shule. Nyingine hudai rangi ya buluu iliyoiva, nyingine nyeusi tu, na nyingine haziruhusu mzula darasani kabisa. Kwa kuwa kidato cha tano mara nyingi huripoti Julai, baridi ikiwa kileleni, na muda kati ya kupangiwa shule na kusafiri ni mfupi, wakati wa masika mimi hufumua na kuosha nyuzi, na glavu nyeusi nazitanguliza kwa sababu hizo hazikosi mwenyewe.

Siku ya kukabidhi, mwandikie mtoto kikaratasi: maji ya baridi, sabuni kidogo, hakuna kukamua kwa kusokota, anika kwa kulaza juu ya taulo na si kwa kutundika. Kiweke ndani ya mzula wenyewe, kwa sababu mama yake akiambiwa kwa mdomo atasahau kabla basi halijafika Masasi.